Upepo wa Mbele na Upepo wa Nyuma



Leo sianzi na andiko, naanza na tairi. Kama huna gari usinitoroke. Kama una mtoto, au uliwahi kuwa mtoto wa mtu, sehemu yako inakuja. Na wewe mwenye gari, hasa lenye turbo, tafuta kalamu, kuna namba utakazozihitaji kabla ya safari yako ijayo.

Wengi wenu mnajua ninaendesha Subaru Legacy ya turbo, nami najua mmenong'ona. Mzee mmoja wa kanisa hakunong'ona. Alilizunguka gari, akatazama lile tundu la hewa kwenye boneti, akasema, "Pasta, hili si la wale vijana wa nyama choma kule Kamakis?" Nilimjibu kwamba nililipata kwa bei nzuri kutoka kwa ndugu aliyekuwa anahama nchi. Ilikuwa kweli, ila si kweli yote. Kweli yote ni kwamba mwaka 1993 nilikuwa mvulana wa shule ya msingi, Patrick Njiru akaingia Safari Rally na Subaru Vivio, kigari ambacho injini yake haifiki hata lita moja, akamaliza wa 12. Tangu hapo jina Subaru likakaa ndani yangu. Bwana aliniokoa, lakini hilo hakuliondoa.

Sasa nikupeleke Ijumaa moja ya Aprili mwaka jana. Masika yalikuwa yamekolea. Kanisa letu liko Makongeni, Thika, na nyumbani kwetu ni Ruiru, kama kilomita 20 kwa ile barabara kuu. Nilikuwa na mwanangu wa pili, wa kidato cha tatu, tumetoka mazoezi ya sifa. Yeye ndiye anayepiga kinanda.

Kabla ya kushika barabara nikaingia kituo cha mafuta. Kijana wa upepo akavuta mpira wake akauliza, "Ngapi, Pasta?"

Nikajibu kama nilivyokuwa nikijibu kwa karibu mwaka mzima: "Weka arobaini kote."

Hiyo arobaini sikuitoa kwenye kitabu chochote. Mtu fulani aliniambia kwamba tairi likiwa gumu gari linakuwa jepesi na halili mafuta sana, nikaamini. Na kote ni kote. Sikuona sababu ya kubagua tairi.

Mwanangu alikuwa ameshuka, ameinama kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Akasema, "Baba, hapa pameandikwa tofauti. Mbele na nyuma si sawa."

Pale mlangoni pana kibandiko cha Kijapani, maana gari lilitoka kwao moja kwa moja. Miaka yote nimeingia na kutoka mlango ule, sikuwahi kukisoma. Nikamwambia, "Ingia twende. Mimi nimeendesha magari kabla hujazaliwa."

Akaingia. Tukaenda.

Mpendwa, si upepo tu uliokuwa umezidi ndani ya gari lile. Kwenye begi lake mlikuwa na ripoti ya muhula wa kwanza, na hesabu alikuwa na D plasi. Tulipopita Witeithie nilikuwa nimeanza. Tulipofika Juja, ambako kaka yake yuko chuo kikuu, nikanyoosha kidole dirishani nikasema lile neno ambalo wazazi wengi tumelisema: "Ndugu yako alisoma nyumba hii hii, akala ugali huu huu. Mbona yeye aliweza?"

Hakujibu. Mvua ikashuka.

Karibu na Murera, lori lililokuwa mbele yetu likawasha taa za breki ghafla. Nikavuta usukani kuhamia njia ya pembeni na papo hapo nikaondoa mguu kwenye mafuta. Mbele ilinitii. Nyuma ikakataa. Sijui nikueleze vipi, ila nyuma ya gari ilitaka kutangulia mbele. Tukazunguka. Niliona taa za matatu, nikaona giza, nikaona taa tena. Gari liliposimama lilikuwa kando ya barabara, pua imeelekea Thika tulikotoka, na magari yanapita yakipiga honi.

Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyegongwa. Kwa hilo sijaacha kushukuru hadi leo.

Mwanangu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Nilingoja aseme, "Nilikuambia." Hakusema. Angesema ningekuwa na la kumjibu. Alikaa kimya, na kimya kile kikanihubiria hadi nyumbani.

Asubuhi yake tukapeleka gari kwa fundi wa tairi, mzee mmoja wa pale Ruiru ambaye kibanda chake hakina hata jina. Hakuuliza mengi. Alipitisha kiganja juu ya tairi la nyuma, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha akachukua mkono wangu akaupitisha pale pale. Kingo zilikuwa na meno. Katikati palikuwa laini kama kichwa cha mtoto.

Akasema, "Pasta, hili halijaliwa na barabara. Limeliwa na upepo."

Nisikilize hapa, maana alichonifundisha mzee yule na nilichokisoma baadaye ni mambo ambayo yangeweza kuniepusha na Ijumaa ile.

Gari lako lote, na kila unayempenda aliye ndani yake, linagusa ardhi mahali panne tu, na kila mahali ni kama ukubwa wa kiganja. Upepo ndio unaoamua kiganja kile kitalala vipi. Ukizidi, tairi linavimba katikati, linakanyaga kwa tumbo, kingo zinaninginia bure, na sehemu ya katikati inaisha mapema. Ikiisha, mifereji ya kutoa maji inaisha nayo. Ndiyo maana siku ya mvua matairi yangu ya nyuma yaliteleza juu ya maji. Ukipungua, ni kinyume chake: tairi linakanyaga kwa kingo, kuta zake zinajikunja na kujikunjua, linapata moto, na tairi lenye moto linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo.

Kwa nini basi mbele na nyuma zitofautiane? Kwa sababu hazibebi sawa. Injini ya Subaru imelala chini, pistoni zake zinarusha ngumi kushoto na kulia, ndiyo maana huitwa boksa, na imekaa mbele ya ekseli ya mbele. Uzito mwingi uko kwenye pua. Halafu matairi ya mbele ndiyo yanayogeuza gari, na ukikanyaga breki au ukiachia mafuta ghafla, uzito unahamia kwao zaidi, nyuma inabaki nyepesi. Hapo ndipo nilipokosea pale Murera. Nyuma nyepesi, yenye tairi gumu lililoisha katikati, nikainyang'anya na ule uzito mdogo iliokuwa nao.

Fundi akauliza mlangoni pameandikwa nini. Nikamtazama mwanangu. Yeye alikuwa ameshazitafuta zile alama za Kijapani kwenye simu, anajua ipi ni ya mbele na ipi ni ya nyuma. Akasema, "Mbele 230, nyuma 220. Lakini ni kilopaskali. Unagawanya kwa 6.9 kupata PSI." Akachukua chaki ya fundi, akapiga hesabu juu ya tairi kuukuu: mbele 33, nyuma 32.

Mtoto wa D plasi.

Nikasema, "Tofauti ya moja tu?" Mzee akacheka. Akasema aliyeunda gari hakuweka hiyo moja kwa bahati mbaya, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimezidisha saba mbele na nane nyuma, sasa nalalamikia moja.

Nisije nikakupotosha: hizo ni namba za gari langu. Lako lina zake. Fungua mlango wa dereva utafute kibandiko, au usome kitabu cha gari. Namba iliyochapwa kwenye ukuta wa tairi, 44 au 51, usiifuate. Huo ni mwisho ambao tairi linaweza kuvumilia, si kiasi unachopaswa kuweka. Magari mengi yana namba ya pili ya siku za mzigo, na mara nyingi inayopanda zaidi ni ya nyuma, kwa sababu abiria wa kiti cha nyuma na mizigo ya buti hukaa juu ya magurudumu ya nyuma. Ukienda mazishi Murang'a na watu watano na sufuria, gari lile si lile uliloendesha peke yako kwenda kazini.

Tulibadilisha matairi yote manne, aina moja, saizi moja. Subaru yangu husukuma magurudumu yote, na ukichanganya tairi jipya na kuukuu, difu ya katikati ndiyo inayoteseka. Iliniuma mfukoni. Lakini nikajiambia jeneza ni ghali zaidi.

Halafu nikanunua geji yangu mwenyewe. Unajua kwa nini? Nilipima tairi moja kwa geji tatu za vituo tofauti, nikapata majibu matatu. Kitabu cha Mithali kinasema Bwana huchukizwa na mizani ya udanganyifu, na nadhani geji nyingi za mjini zingehitaji kutubu. Chukua geji moja nzuri, ikae kwenye gari, upime kwayo kila wakati. Hata ikikosea kidogo, itakosea vile vile kila wiki, na utajua kama unapanda au unashuka.

Kisha tukaanza desturi. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na mwanangu, tairi baridi. Zile namba za mlangoni ni za tairi baridi: gari limelala usiku, au limesimama saa tatu hivi bila kutembea. Jumamosi ya kwanza tulipima Ruiru tukapata 33 na 32. Tukaenda Thika, nikapima tena tulipofika: 37 na 35. Nikataka kupunguza. Mwanangu akanizuia mkono. "Baba, hiyo ni joto ya barabara. Ukiitoa sasa, kesho asubuhi tairi litakuwa chini." Ni kweli. Upepo ukipata joto la nyuzi tano au sita, unapanda kama PSI moja. Ukipunguza ukiwa moto, unaliadhibu tairi kwa sababu limefanya kazi.

Mpendwa, neno lile lilinipiga nikiwa nimechuchumaa pale na geji mkononi. Unaliadhibu tairi kwa sababu limefanya kazi.

Maana mwanangu nilikuwa nampima saa ngapi? Jioni. Saa mbili usiku, mimi nimetoka kwenye mikutano na mashauri ya ndoa za watu, yeye ametoka shule na mazoezi. Wote wawili tumepata moto. Hapo ndipo nilipokuwa nauliza, "Leo umesoma nini?" Namba yoyote niliyoipata ilikuwa ya joto, na kwa namba hiyo nilikuwa natoa hukumu.

Sasa tukawa tunaonana asubuhi. Jumamosi ya kwanza hakusema lolote nje ya tairi. Ya pili pia. Alikuwa na daftari, anaandika namba. Alinieleza jinsi ya kuchagua vizuri: anza na namba ya mlangoni, badilisha upande mmoja tu, PSI moja tu, kisha rudi kwenye kona ile ile kwa mwendo ule ule wa kawaida, usikilize. Kama pua inajivuta nje haitaki kuingia, shida iko mbele. Kama nyuma inacheza, iko nyuma. Mara nyingi upande uliojazwa kupita kiasi ndio unaoachia kwanza. Baada ya wiki kadhaa tazama tairi lenyewe linavyolika, maana tairi halidanganyi. Na usiende mbali na namba ya mlangoni, wala usishuke chini yake. Baada ya mwezi tulitulia kwenye 34 mbele na 32 nyuma. Mzunguko wa karibu na nyumbani gari likaingia kama limeitwa jina.

Jumamosi ya tatu ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Alikuwa anafunga kifuniko cha valvu ya nyuma. Hakuinua uso. Akasema, "Baba, hujawahi kuniuliza mimi nabeba nini."

Nikasema, "Unabeba nini?"

Akaniambia. Mama yangu mzazi, ambaye watoto humwita Cucu, alihamia kwetu Januari mwaka ule baada ya kuvunjika nyonga. Chumba chake kiko ukuta mmoja na cha mwanangu. Usiku Cucu akitaka kwenda msalani haniiti mimi, kwa sababu mimi ni mtumishi wa Mungu na nimechoka. Hamwiti mke wangu, ambaye wiki nyingine yuko zamu ya usiku hospitalini. Hugonga ukuta polepole, na mjukuu wake huamka. Mara mbili usiku, siku nyingine mara tatu. Kisha saa kumi na moja yuko macho aende shule. Ijumaa kinanda. Jumapili kinanda ibada mbili, kwa sababu kaka yake aliyekuwa akikipiga alienda chuo, na mimi nilisimama madhabahuni nikatangaza kwamba mdogo wake atashika nafasi. Sikumuuliza. Nilitangaza.

Kuanzia Januari mzigo wote ulikuwa umehamia nyuma, na mimi sikuwa hata nimefungua mlango kusoma kibandiko. Nilikuwa nasema arobaini kote. Ugali huu huu, nyumba hii hii, mbona yeye aliweza?

Nilikaa chini kwenye changarawe, mpendwa. Na suruali ya Jumamosi.

Nilikumbuka Mwanzo sura ya 33. Nimeihubiri mara nyingi kama hadithi ya upatanisho, Yakobo na Esau wakikumbatiana. Lakini tazama kinachofuata. Esau anasema twende pamoja, na ana wanaume 400. Wanaume 400 wanaweza kutembea mchana kutwa. Yakobo anamwambia bwana wake atangulie, kwa sababu watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, na wakiendeshwa kwa nguvu siku moja tu, kundi lote litakufa. Yeye atakuja polepole, kwa mwendo wa mifugo na kwa mwendo wa watoto. Najua mliosoma chuo cha Biblia mtaniambia kwamba baada ya hapo Yakobo hakwenda Seiri alikoahidi, aligeukia Sukothi. Ndiyo, huyo ni Yakobo. Na huyo huyo baadaye alimpendelea Yusufu mpaka nyumba ikavunjika. Lakini siku ile, kwenye njia ile, aliangalia nani amebeba nini kabla ya kuamua mwendo. Siku ile alikuwa baba.

Mimi nilikuwa Esau. Nilikuwa na mwendo wa wanaume 400 na mtoto mmoja asiyelala.

Tulibadilisha mambo. Usiku Cucu sasa anagonga ukuta wangu, maana tulihamisha vyumba. Alikataa wiki nzima. Nilimwambia, "Mama, hata wachungaji walizaliwa." Kaka mtu anakuja kutoka Juja Jumapili moja moja kushika kinanda. Na siku nilipomwita huyo mkubwa kumweleza, nikidhani yeye ndiye aliyekuwa sawa siku zote, alinyamaza kidogo kisha akasema huogopa kupiga simu nyumbani akifeli mtihani wowote chuoni, kwa sababu mfano hauruhusiwi kufeli. Kumbe hata mbele nilikuwa nimeweka arobaini. Lilikuwa halijateleza tu.

Usiniulize kama mdogo sasa ni wa kwanza darasani. Si wa kwanza. Hesabu ilipanda kutoka D plasi hadi C minasi, tukala kuku. Anasema akimaliza shule anataka kusomea ufundi wa magari, wala si uhandisi wa chuo kikuu niliokuwa nimemwandikia moyoni. Nakuambia ukweli kama mtumishi: bado napambana na hilo. Kuna asubuhi naamka nikitaka kuongeza upepo. Nachukua geji, natoka nje, nangoja aje.

Mfano wa tairi una mwisho wake, najua. Mtoto si mpira, na hakuna kibandiko mlangoni kwake. Lakini aliyemuumba anajua ameundwa kubeba nini, na yeye mwenyewe anajua amebeba nini. Wote wawili wanaweza kuulizwa.

Wiki hii nakupa kazi tatu.

Moja: kesho asubuhi kabla ya kuwasha gari, fungua mlango wa dereva usome namba. Mbele ngapi, nyuma ngapi. Pima baridi, rekebisha, na usisahau tairi la akiba ambalo hujaligusa tangu ulinunue gari. Kijana wa upepo akiuliza ngapi, mpe namba mbili.

Mbili: angalia nyumbani kwako mzigo umehamia wapi tangu mwaka uanze. Nani ameondoka, nani ameingia, nani ameumwa, na kazi yake inafanywa na nani. Yule asiyelalamika mtazame mara mbili.

Tatu: tafuta saa ambayo nyote hamjapata moto. Kwetu ni Jumamosi asubuhi. Uliza swali moja, "Unabeba nini?" Kisha funga mdomo. Jibu linaweza kuchukua Jumamosi tatu.

Nilimwomba mwanangu ruhusa kabla ya kuandika haya. Alisoma yote, akarudisha simu, akasema naweza kuyaweka. Ila alinisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika 33 na 33.

Tuombe. Baba, umetubeba kila mmoja kwa uzito wake, wala hukutupima tukiwa tumechoka. Tusamehe tuliowapima watoto wetu kwa namba za wengine. Tupe masikio ya asubuhi. Linda kila gari litakalopita kati ya Thika na Ruiru usiku huu, na kila aliye ndani yake. Katika jina la Yesu.

Kama umesema amina, iandike hapa chini. Halafu nenda ukasome mlango wako.